Umeacha suti? Anza na kitambaa: namna ya kupanga upya kabati lako

Mtu aliyevaa suti miaka mingi ana mtaji ambao wengi hawana: anaijua nguo iliyomkaa. Anajua bega linapaswa kuishia wapi, anajua suruali iliyopwaya ikoje, anajua fundi mzuri na fundi wa kubahatisha. Mimi nilifanya kazi ya sheria, suti na tai kila siku ya kazi, kisha nikahamia kwenye ofisi ndogo ya washauri ambako hakuna anayefunga tai. Ujuzi ule haukupotea hata kidogo. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona mwenzangu ameacha kazi ya suti, na utanashati wote akauacha hukohuko.

Tatizo lenyewe linajulikana. Ukifungua kabati, upande mmoja kuna suti zimening'inia kwa mpangilio, upande wa pili kuna fulana za kulalia na bukta. Katikati hakuna kitu. Na maisha mapya yote yako hapo katikati: kikao na mteja asiyevaa tai, chakula cha mchana na mtu unayemheshimu, siku ya kawaida kwenye ofisi ambayo bosi mwenyewe anavaa raba. Nguo za hapo katikati nitaziita vazi la kati, na mwongozo huu wote ni wa namna ya kulijenga.

Kanuni ninayoifuata ni moja: umbo libaki la ofisini, kitambaa kiwe cha mapumziko. Suti hutambulika kwa ulaini wake. Kitambaa chake kinateleza, kinang'aa kidogo, rangi ni moja juu mpaka chini, na mabega yamenyooka kwa sababu ndani yake kuna pedi. Nguo za nyumbani ni kinyume chake: kitambaa kina mparuzo, haking'ai, na hakuna kilichonyooka. Vazi la kati huchukua mkato wa ile ya kwanza likauweka kwenye kitambaa cha ile ya pili. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya "hii inaendana na hii?" yanajijibu yenyewe.

Jaribu hivi leo. Chukua koti lako la suti, lipeleke dirishani mchana, ulishike mlalo ili mwanga uliguse kwa pembeni. Utaona uso mmoja laini, na mwanga unarudi machoni. Sasa shika kwa namna hiyohiyo kitu cha kodrai (kitambaa chenye vijifereji), kitani au flaneli (kitambaa chenye vimanyoya vifupi). Mwanga unamezwa, na nyuzi unaziona moja moja bila kutafuta. Paka vidole juu yake: vinakwama kidogo. Huko kukwama kidogo ndiko unakokitafuta kila unapoingia dukani kuanzia sasa.

Kwanza toa vyote nje

Kabla ya kununua chochote, tandaza kitandani kila ulichonacho. Kosa linaloonekana sana ni la mtu kuchukua koti la suti na kulivalia jinzi, akidhani amepata bleza, yaani koti linalojitegemea, lisilo na suruali yake. Hajapata. Koti la suti limeshonwa kwa kitambaa cha uzi mwembamba wa sufu uliochanwa na kusokotwa mpaka ukawa laini kabisa, vifungo vyake vina rangi ya kitambaa, mifuko imekatwa ndani. Kila kitu ndani yake kimetengenezwa kiendane na suruali yake, na likivaliwa bila hiyo suruali, macho ya watu yanaitafuta. Koti pekee la suti linaloweza kutengana na mwenzake ni lile la flaneli, kitani, pamba au twidi (sufu nene yenye mparuzo), yaani lile ambalo kwenye jaribio la dirishani lilimeza mwanga.

Suruali za suti ni habari nyingine. Suruali ya kijivu isiyo na mistari ni hazina: inakaa vizuri chini ya sweta, chini ya fulana ya kola, chini ya bleza ya bluu. Ila amua mapema. Suruali huchakaa upesi kuliko koti, na ikivaliwa na kufuliwa peke yake rangi yake hupungua taratibu mpaka siku ukiirudisha kwa koti lake zinapishana. Kwa hiyo suti unayotaka kuitunza, usiitenganishe. Ile ambayo koti lake limeshachoka, achia suruali iende kazi mpya.

Mashati meupe ya poplini (pamba nyembamba na laini) yenye ukosi mgumu yabaki na suti, na yale ya mikono ya kufungia vifungo vya pambo pia. Ya bluu ya mpauko hifadhi, yanafaa. Lakini angalia urefu. Shati la kiofisi limekatwa refu makusudi ili likichomekewa lisichomoke ukikaa au ukinyoosha mkono. Ukilivaa bila kuchomekea linafika mapajani na kukufupisha miguu. Shati la kuachia nje linapaswa kuishia usawa wa katikati ya zipu ya suruali: lifunike mkanda, lisifunike mfuko wote wa nyuma. Habari njema ni kwamba kukata pindo la shati ni kazi nyepesi kwa fundi yeyote, na mashati yako mawili matatu mazuri yatapata maisha ya pili bila kununua kitu.

Baki na suti moja, ya bluu iliyoiva au kijivu cha kukoza. Zilizobaki gawa kwa vijana wanaoanza kazi. Suti nzuri iliyokaa kabatini haimfai mtu.

Bleza ndiyo nguzo

Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunua bleza isiyo na pedi mabegani. Nitaieleza yangu kwa sababu ndiyo niliyoichunguza kuliko nguo yoyote. Ni ya bluu iliyoiva, ya sufu iliyofumwa kwa mtindo wa kikapu, nyuzi mbili mbili zikipitana, kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga unaona vijitundu vidogo kati ya nyuzi. Hewa hupita humo. Bitana imeishia nusu ya mgongo, hivyo ukiigeuza ndani unaona mishono imefunikwa kwa utepe mwembamba. Mifuko imebandikwa kwa nje, haikukatwa. Vifungo ni vya pembe, vya kahawia, na hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Ukiikunja mkononi inakunjika kama sweta, na ukiivaa tena mikunjo inaachia yenyewe.

Bega lake ndilo lililoniridhisha zaidi. Bonyeza kwa kidole pale mkono wa koti unapokutana na bega. Kwenye suti utakutana na pedi. Kwenye bleza ya vazi la kati kidole kifike kwenye mfupa wako. Na mshono wenyewe uishie hapohapo mfupa wa bega unapoishia, usining'inie nje wala usipande juu kuelekea shingoni.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Fundi anaweza kufupisha mikono ya koti, anaweza kubana kiuno, anaweza hata kulifupisha kidogo koti lenyewe. Bega asiguse. Kurekebisha bega maana yake ni kufumua mkono wote na kuujenga upya, kazi ambayo hata kwa mafundi stadi mara nyingi haitoki sawa. Bega likikataa dukani, rudisha koti kwenye henga, hata kama limepunguzwa bei, hata kama muuzaji anakuapia kwamba litalegea. Halitalegea.

Mkono wa bleza uache shati lionekane kwa sentimita moja hivi. Urefu wa koti ufunike makalio, ingawa likiwa fupi kidogo kuliko la suti si vibaya, hasa ukilivalia jinzi.

Kwa asiyeweza kuvumilia koti, kuna shati zito la kuvaliwa juu ya fulana, la pamba nene au kodrai, lenye mifuko miwili kifuani. Linafanya kazi nusu ya bleza. Silidharau, navaa langu siku nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila kwenye kikao na mtu mgeni bado nachukua bleza.

Shati: tazama ukosi

Tai ilikuwa inaficha mengi. Ukiivua, ukosi unabaki bila kitu cha kuushika, unalala, unazama chini ya koti, na mtu anaonekana kama aliyetoka kulala. Ukosi wa shati la kiofisi ulitengenezwa usimame kwa msaada wa tai, na ni haki yake kuanguka.

Dawa ni ukosi wenye vifungo vidogo kwenye ncha. Wachezaji wa polo wa Uingereza walifunga ncha za kosi zao ili zisiwapige usoni farasi wakikimbia, na duka la Brooks Brothers la New York likauchukua mtindo huo na kuuingiza sokoni mwishoni mwa karne ya 19. Kazi yake haijabadilika: unashika ukosi mahali pake bila tai. Shati lake la asili hushonwa kwa kitambaa cha oksfodi, pamba yenye uzi mnene unaoonekana, na hicho ndicho kitambaa cha kati hasa. Kwa karibu utaona uzi mweupe na wa rangi vimepishana, ndiyo maana bluu yake haiko bapa kama ya poplini. Chagua ukosi ambao ndani yake hakuna kikaza kigumu. Ukifunga vile vifungo, kitambaa kinajipinda kwa duara la taratibu kutoka shingoni mpaka kwenye kifungo. Duara hilo likiwepo, umepata shati. Kukiwa bapa kama karatasi, endelea kutafuta.

Fulana ya kola inakuja baada yake. René Lacoste, mcheza tenisi wa Ufaransa, alivaa ya mikono mifupi kwenye mashindano ya wazi ya tenisi ya Marekani mwaka 1926, wakati wenzake walikuwa bado wanacheza na mashati ya mikono mirefu. Ile pamba yake ya vijitundu ilipitisha hewa, na kola ilimwachia heshima ya shati. Ndiyo sababu hiyohiyo ya kuivaa leo. Kola yake isimame, mkono uishie katikati ya msuli, na nembo kifuani ikikosekana ni bora zaidi.

Fulana ya kawaida nayo ina nafasi yake, chini ya bleza au sweta la vifungo, kwa sharti la uzito. Tafuta ya gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo inaonyesha mwili na kupinda shingoni baada ya kufuliwa mara chache. Shingo iwe ya duara, iliyokaribia koo. Mimi navaa nyeupe na bluu iliyoiva, basi.

Suruali

Suruali ya kadeti ndiyo itakayobeba siku zako nyingi. Ilitoka jeshini, ikapita vyuoni, na mwaka 1992 kampuni ya Levi Strauss, iliyokuwa ikiuza kadeti za Dockers, ilichapa kijitabu cha kuonyesha mavazi ya kazini yasiyo rasmi na kukituma kwa wasimamizi wa wafanyakazi wa kampuni nyingi za Marekani. Ofisi zilizokuwa hazijui zikubali nini zikapata picha ya kuiga, na kadeti ilikuwa mbele kabisa kwenye picha hizo. Mpaka leo ndiyo suruali ambayo hakuna anayeikatalia mlangoni.

Nunua ya kaki na ya bluu iliyoiva kwanza, kisha kijani cha zeituni. Mkato uwe wa suruali zako za suti, si wa kubana. Ukisimama, uweze kufinya sentimita mbili au tatu za kitambaa pajani. Pindo liguse kiatu bila kurundikana. Na usikimbilie kwa fundi siku ileile uliyonunua: pamba husinyaa. Ifue kwanza kama utakavyokuwa ukiifua siku zote, ianike, ipige pasi, ndipo upeleke ikatwe. Hatua hiyo ndogo imeokoa suruali nyingi.

Jinzi inaruhusiwa, ya bluu iliyokoza, isiyochanwa wala kupaushwa magotini. Ikumbuke asili yake: zile ribiti (vipini vidogo) za shaba ambazo Jacob Davis na Levi Strauss walizipatia hataza mwaka 1873 ziliwekwa ili mifuko ya watu wa kazi ngumu isichanike. Ni nguo ya kazi za mikono, kwa hiyo inataka mwenza aliyepanda ngazi kidogo, bleza au shati la oksfodi lililopigwa pasi. Ifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na uikaushe kivulini, utaiona rangi yake miaka mingi.

Viatu, na hapa usibane mkono

Watu wakishakuzoea hawatazami koti lako, wanatazama viatu. Vile vyeusi vya kamba vinavyong'aa viache na suti yake. Vya kahawia vikubaliwe.

Moka ya ngozi ya kahawia, kiatu cha kuchomeka mguu kisicho na kamba, ndiyo ya kuanza nayo. Kampuni ya viatu ya G.H. Bass ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1936 kwa kuiga kiatu cha Norway, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Inavaliwa na kadeti, na jinzi, na suruali ya kijivu ya sufu. Pili, buti fupi la suwedi lenye matundu mawili matatu ya kamba, rangi ya ugoro. Suwedi ni ngozi inayomeza mwanga, ukitaka kurudi kwenye jaribio letu la dirishani, na ndiyo maana inatulia na vitambaa vyote nilivyovitaja. Tatu, raba nyeupe ya ngozi, isiyo na michoro, na iwe safi. Raba chafu inaangusha kila kilicho juu yake.

Uliza soli imeunganishwaje. Iliyoshonwa kwenye utepe wa ngozi unaozunguka kiatu inaweza kufumuliwa na kuwekwa mpya. Iliyogundishwa kwa gundi pekee ikiisha mara nyingi na kiatu kimeisha. Kisha vipumzishe: kiatu cha ngozi ulichokivaa leo kisivaliwe kesho, jasho lipate kukauka, na ukiweza kiwekee kalibu ya mbao, yenye umbo la mguu, ndani.

Mkanda ukaribiane na rangi ya kiatu. Saa, vaa uipendayo.

Kuchanganya bila kubahatisha

Mimi hupanga nguo kichwani kwa ngazi. Juu kabisa suruali ya sufu, bleza, moka. Katikati kadeti, oksfodi, buti la suwedi, sweta jembamba. Chini jinzi, fulana, raba. Vazi zuri linachukua vitu vya ngazi moja, au vya ngazi mbili zinazopakana. Bleza na kadeti na moka, sawa. Oksfodi na jinzi na buti la suwedi, sawa. Ukitaka kuunganisha ya juu kabisa na ya chini kabisa, tuseme bleza na fulana, weka cha katikati kiwaunganishe, kadeti au buti.

Rangi nazo ziwe chache. Bluu iliyoiva, kijivu, kahawia na kaki, nyeupe na bluu ya mpauko. Juu ya hizo ongeza moja inayokupendeza. Yangu ni damu ya mzee, nina sweta na soksi za rangi hiyo. Nyeusi naikwepa mchana: ikianza kupauka inaonekana mara moja, na koti jeusi juu ya suruali nyeusi linarudi kufanana na suti ambayo haikukamilika. Drafti na mistari, kimoja tu kwa wakati, na kiwe kwenye shati.

Dada yangu alitoka benki kipindi kilekile nami nilipohama, na kanuni ni hiyohiyo kwake. Sketi zake za suti zenye mkato mwembamba alizibakiza kwa umbo, ila alishonesha mpya za kodrai na za jinzi nzito iliyokoza. Blauzi za satini zikapisha za kitani. Koti lililobana likapisha sweta refu la vifungo lenye mabega yaliyokaa. Viatu vya kisigino kirefu alivibadilisha na vya bapa vyenye ncha, vilivyobaki na umbo la kiofisi. Ukimwona mbali unajua ni mtu wa kazi. Ukimkaribia unaona ametulia.

Mpangilio wa kununua

Usinunue vyote kwa mkupuo. Anza na viatu na suruali ya kadeti, kwa sababu vitatumika hata na mashati uliyonayo. Kisha mashati mawili ya oksfodi, jeupe na la bluu. Kisha bleza, na hiyo usiiharakie; ingia maduka mengi, jaribu mabega mengi. Sweta na jinzi vifuate. Kila kitu kipya kabla hakijalipiwa kipite mtihani huu: je, kinavaliwa na angalau vitu vitatu ambavyo tayari viko kabatini? Kama unalazimika kununua kingine ili hiki kivalike, kiache.

Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya fundi tangu mwanzo. Suruali ya bei ya kawaida iliyokatwa pindo vizuri na kupunguzwa kiuno inaipita ya bei kubwa inayopwaya. Nenda kwa fundi na viatu utakavyovaa navyo, simama wima bila kujitazama miguuni wakati anapima, maana ukiinama kipimo kinabadilika.

Sweta zikunjwe, zisitundikwe, zisije zikatoa pembe mabegani. Bleza ipate henga pana. Kitani kipigwe pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Suwedi ipigwe brashi kavu, na ikilowa ikauke yenyewe mbali na jua na moto. Na ile suti moja uliyoibakiza, ifunike kwa mfuko wa kitambaa, usiwe wa plastiki, na kila baada ya miezi michache ijaribu mwilini ili kama kiuno kimebadilika fundi apate muda wa kuirekebisha kabla ya siku utakapoihitaji.